Kasa Wangu wa Kaloleni

Jumamosi iliyopita nilialikwa kwenye sherehe ya kipaimara huko Sekei, na kwenye meza ya chakula, baada ya ndizi nyama na pilau na kuku wa kuchoma, kulikuwa na sinia la kamba wa baharini. Kamba, hapa Arusha, mlima Meru umetukodolea macho dirishani! Waliletwa na basi kutoka Tanga ndani ya maboksi ya barafu, na watu walikuwa wanawapiga picha kabla ya kuwala. Nilisimama pale na sahani yangu, harufu ikanipanda puani, na nikajikuta nina miaka kumi, niko uani kwenye nyumba ya kupanga kule Kaloleni, nimenuna kwa sababu mtoto wa chumba cha pili ana baba wa baharini na mimi sina.

Nikwambie mapema, ndugu yangu, usije ukashangaa huko mbele. Mimi ni mtu wa wivu. Nimeombewa, nimeshauriwa, nimesoma vitabu, lakini wivu wangu uko palepale. Mtu akinionyesha kiwanja chake nasema hongera huku nahesabu hatua zake. Basi ukitaka kujua ulianzia wapi, ulianzia kwenye ile nyumba, na ulianza kwa ajili ya kasa.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vinane, korido katikati, na ua wa nyuma wenye bomba moja la maji ambalo asubuhi lilikuwa na foleni ya ndoo ndefu kuliko ya watu. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya mbele, na kutwa nzima nyumba nzima ilisikia ule mlio wake, unakimbia, unasimama, unakimbia tena. Alinuka chaki na moshi wa pasi ya mkaa. Tepu ya kupimia ilikuwa shingoni mwake hata wakati wa kula. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimuuliza kitu alikuwa anamaliza kwanza mshono, anakata uzi kwa meno, halafu ndiyo anakujibu, na jibu lenyewe ni maneno manne. Mechi zikichezwa uwanjani pale karibu, mji mzima ukipiga kelele za goli, yeye aliinua kichwa tu na kuuliza, "Wetu?" Tukisema ndiyo, anarudi kwenye suruali ya mtu.

Chumba cha pili kilikuwa cha familia iliyotoka pwani. Mama alikuwa anapika vitumbua alfajiri, na mtoto wake wa kike alikuwa rika langu na darasa langu. Alikuwa rafiki yangu wa karibu kuliko wote, na nilimwonea wivu kuanzia utosini hadi kwenye kandambili. Kwanza meno. Mimi nililelewa na bibi yangu kule Maji ya Chai mpaka nilipofika umri wa kuanza shule, na wewe unajua maji ya kule yanavyofanya meno ya watoto. Yangu yalikuwa ya kahawia, yake meupe kama tui. Alikuwa akicheka bila kuweka mkono mdomoni, na mimi nilikuwa nahesabu hilo kuwa ni maringo.

Lakini meno ningeyasamehe. Ambacho sikukisamehe ni baba yake.

Baba yake alifanya kazi kwenye meli ya kuvua kamba. Sehemu kubwa ya mwaka hakuwepo, kisha msimu ukifungwa, karibu na Krismasi, alishuka kwenye basi na begi la turubai begani, mweusi wa jua, sauti yake inatangulia mlangoni. Watoto wote wa ile nyumba tulimwita Baba wa Baharini. Tulimkimbilia tukisema shikamoo, shikamoo, shikamoo, naye akiitikia marahaba moja ndefu ya kutosha wote. Jioni alitandika mkeka uani, mkewe akileta kahawa na kashata, na sisi tukajibana kumzunguka. Hapo ndipo bahari ilipoingia Kaloleni.

Alitusimulia jinsi wavu mkubwa unavyokokotwa chini kabisa ya bahari, saa moja, mbili, tatu, meli inatembea polepole. Ukivutwa juu unafunguliwa sakafuni, na pale ndipo dunia inapomwagika: kamba, samaki wa kila rangi, kaa, samaki aina ya taa wenye mikia. Na katikati, mara nyingine, kasa. Kasa mkubwa kama mlango, alisema, wanaume wanne hatumwinui. Alikuwa akilala kifudifudi kwenye mkeka, anatanua mikono, anageuza shingo taratibu, macho yanafunguka nusu, na sisi tulikuwa tunapiga kelele kwa furaha kwa sababu mtu mzima alikuwa amegeuka kasa mbele yetu.

"Anakuwa amekufa?" tulimuuliza.

"Kasa anavuta hewa kama wewe na mimi. Wavu ukimshika chini huko hawezi kupanda juu kuvuta pumzi. Akifika kwetu ameshalala. Tunamsukumia majini. Bahari imemleta, bahari imchukue."

Ile "bahari imemleta, bahari imchukue" tuliipenda sana. Tuliisema kwenye kila kitu. Ndoo ikimwagika, bahari imchukue. Mwalimu wa zamu akiugua, bahari imchukue. Nami nikirudi chumbani nilimkuta baba yangu anapinda pindo la sketi ya shule, nikamtazama, nikamwona amekuwa mdogo. Nilimwuliza siku moja kama na yeye ana hadithi. Alifikiri muda mrefu. "Kuna mteja aliwahi kusahau suruali miaka miwili," alisema. Nilitamani kulia.

Mwaka ule ninaokusimulia, Baba wa Baharini alimletea mwanawe gamba la kasa. Lilikuwa dogo, la kasa mchanga, limepakwa mafuta ya nazi mpaka linang'aa, lina michoro ya kahawia na njano ambayo hakuna fundi wa kitenge angeweza kuipata. Wakati huo hatukujua kama kuna sheria ya kuwalinda wanyama wale. Tulijua tu kwamba rafiki yangu ana kitu ambacho Arusha nzima haina. Alinipa nilishike. Nililishika muda mrefu kuliko ustaarabu unavyoruhusu.

Krismasi tulikwenda Maji ya Chai kama kila mwaka, na kule, kwenye shamba la maharage la bibi, nilikuta kobe. Kobe wa kawaida wa nchi kavu, wa ukubwa wa sufuria ya ugali, anatafuna majani asubuhi. Bibi alikuwa akimwita "mpangaji", kwa sababu alikuwa akija na kuondoka bila kuaga. Nilimng'ang'ania bibi siku tatu mpaka akachoka. Nilirudi Kaloleni na kobe ndani ya kikapu, chini ya mkungu wa ndizi, na nikamweka uani karibu na jiwe la kufulia, akawa anakula majani ya kabichi. Majirani walimtazama siku moja, siku ya pili wakamzoea.

Shule zikafunguliwa. Mwalimu wetu alituambia kila mtu aseme likizo ilimfunza nini. Rafiki yangu alisimama mbele ya darasa na lile gamba, akasimulia habari za wavu na kasa, neno kwa neno kama baba yake, hata kugeuza shingo aligeuza. Mwalimu aliliweka gamba mezani, akaita mstari kwa mstari tukaliguse. Alimwambia, "Wewe una bahati sana, mwanangu." Hilo "mwanangu" lilinichoma. Mwalimu yule alikuwa hajawahi kuniita mwanangu hata siku nilipotapika darasani.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, hata mimi nina kasa. Wangu ni mzima. Yuko nyumbani."

Darasa likalipuka kwa kelele. Rafiki yangu alinitazama. Alijua vizuri ni kobe, kwa sababu alikuwa akimlisha kila asubuhi. Hakusema kitu. Hata kwa hilo nilimchukia kidogo. Watoto wakasema Jumamosi watakuja kumwona.

Sasa nisikilize. Sisi watoto wa mlimani hatukuwa wajinga, ila bahari tuliijua kwa masikio tu. Kwa hesabu zangu za miaka kumi, kobe na kasa walikuwa ndugu, tofauti yao ni makazi. Mtu wa kijijini ukimhamishia mjini si anakuwa wa mjini? Jumamosi asubuhi nilijaza maji kwenye pipa la nusu, lile la kufulia mablanketi. Nikachukua chumvi yote ya kopo la mama nikaimwaga, nikakoroga kwa mwiko, nikaonja. Ilikuwa bahari. Nikaomba kwa muuza vitunguu mfuko wake wa wavu mwekundu, nikamtia kobe ndani, kwa sababu kasa wa hadithi alikuwa wavuni na mimi nilitaka wangu asipungukiwe na kitu. Nikamzamisha taratibu. Alipiga miguu, mapovu yakapanda, nikaona anaogelea. Nikatoka mbio kwenda kuwaita watazamaji.

Na hapo, ndugu yangu, ndipo maringo yaliponiponza. Ningeweza kuwaita nikarudi mara moja. Lakini nilikuwa naongoza watoto kumi na zaidi mitaani, kwa mara ya kwanza mimi ndiye mwenye habari, na kila kona nilisimama nikaanza hadithi upya. Tulizunguka nyuma ya uwanja, tukapita kwa muuza miwa, tukaongeza wengine. Tulipofika uani, pipa lilikuwa limetulia kimya. Kobe alikuwa chini, ndani ya wavu, shingo imenyooka yote nje, inayumba kama kamba ya kiatu.

Mvulana mmoja alichungulia akasema, "Huyu si kobe tu? Na amekufa." Watoto walianza kuondoka mmoja mmoja. Ni rafiki yangu aliyeingiza mikono yake majini mpaka mabegani, akamtoa, akapiga kelele, "Baba! Baba njoo upesi, kobe wa watu anakufa!"

Baba wa Baharini alitoka na kikoi chake na kikombe cha kahawa mkononi. Alichuchumaa. Alifanya kama mtu aliyefanya jambo hilo mara nyingi: alimgusa jicho kwa kidole, akavuta mguu wa nyuma akauachia, mguu ukaanguka. "Pole, mwanangu," aliniambia. "Amekwisha huyu. Kwetu tunawapata hivihivi kila siku. Mpe mtu akamtupe."

Nilimkumbatia yule kobe na nguo yangu ikalowa chumvi. Nililia vile vilio vya aibu, ambavyo vina sauti kubwa kuliko vya huzuni. Cherehani ikanyamaza kule mbele. Baba yangu akaja uani, tepu shingoni, akauliza kuna nini. Alipoambiwa, alisimama akafikiri kama kawaida yake, kisha akanichukulia kobe mikononi.

"Mwanambuzi akizaliwa amemeza maji," alisema, "kule nyumbani tunamwinamisha kichwa."

"Fundi, huyo si mbuzi," Baba wa Baharini alisema kwa upole. "Na amekufa. Mimi hawa nawajua."

"Unawajua," baba alikubali. "Basi tumwache afe vizuri."

Alileta ule ubao wake wa kupigia pasi, akauegemeza kwenye jiwe la kufulia, akamlaza kobe juu yake, kichwa chini, nyuma juu, na akamfunika kitambaa kibichi. Maji yalianza kumtoka mdomoni, matone machache. Baba alimpangusa kwa kipande cha bitana, akarudi kazini. Nikasikia cherehani inakimbia, inasimama, inakimbia tena. Nilimwona amenitia aibu zaidi. Watu wazima wa ile nyumba walikuwa wanapita na ndoo zao na kutabasamu.

Nilikaa pale. Rafiki yangu alikaa pamoja nami, mkono wake uko kwenye goti langu, na nadhani ni kweli alikuwa anahuzunika kwa ajili yangu. Adhana ya mchana iliita. Mama zetu walituletea makande tukala palepale. Baba wa Baharini aliswali, akala, akalala kidogo, akatoka tena kupunga upepo kwenye kizingiti cha mlango wake. Jua lilikuwa limevuka paa la jikoni.

Ndipo mguu ukajikunja.

Mguu wa nyuma, wa kulia. Ulijikunja, ukatulia, ukajikunja tena. Kisha shingo ikaanza kurudi ndani, polepole, kama mtu anayevuta shuka asubuhi ya baridi. Rafiki yangu alipiga yowe. Mimi nilipiga kubwa zaidi. Baba yangu alikuja na sindano mdomoni, akatazama, akaitikia kwa kichwa mara moja, akasema, "Haya, mpeni kabichi," akaenda zake.

Nilimgeukia Baba wa Baharini nimshinde kwa uso. Ndiyo, nimesema nimshinde. Nilitaka aone kwamba baba yangu, mtu wa suruali zilizosahauliwa, alijua kitu ambacho yeye na meli yake hawakijui. Lakini hakuwa ananitazama. Alikuwa amesimama, anamtazama kobe. Alikuja akapiga magoti, akamgusa jicho kwa kile kidole, na jicho likajifumba.

"Mlimtoa majini saa ngapi?" aliuliza.

"Asubuhi, baba," rafiki yangu alisema. "Si wewe ulikuwa unakunywa kahawa?"

"Asubuhi," alirudia. "Sisi hatujawahi kusubiri. Hata dakika tano. Nahodha anataka sakafu iwe safi wavu urudi majini." Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka tuliinama kumsikia. "Nawagusa jicho, nawasukuma. Miaka yote hiyo. Wale walikuwa hai."

Akaketi chini kwenye sementi iliyolowa, yule mtu mkubwa, akafunika uso kwa kikoi chake. Sikuwahi kumwona mwanamume mtu mzima analia. Mkewe alitoka jikoni akasimama na mwiko, hakujua aende wapi. Rafiki yangu alimshika baba yake mkono, akawa anamwita tu, baba, baba, kama anamwamsha.

Nami nikafurahi. Nakwambia wewe peke yako. Furaha ilinipanda kutoka miguuni, tamu kabisa, kwa sababu hatimaye yule mtoto alikuwa na kitu ambacho singeweza kukitamani. Nadhani ilionekana usoni. Rafiki yangu aliinua macho yake akaniona, na akayateremsha.

Jioni ile mkeka haukutandikwa. Wala ya kesho yake. Wadogo walimfuata mlangoni wakidai kasa, afanye kasa, naye akawapa kashata na kuwaambia wakacheze. Msimu ulipofunguliwa akaondoka na begi lake. Mwaka uliofuata alirudi, na jioni alikwenda kukaa barazani karibu na cherehani ya baba yangu, wawili hao hawasemi, anamshikia kitambaa kinapokuwa kirefu. Kwenye foleni ya bomba rafiki yangu aliniambia, bila kunitazama, kwamba baba yake aligombana melini kwa sababu alimlaza kasa kwenye sakafu na kukataa asiguswe, wakamhamishia jikoni. "Nikimwomba anisimulie, anasema hakuna kitu," alisema. "Kabla ya kobe wako alikuwa anasimulia." Baada ya hapo walirudi kwao pwani, na hatukuandikiana. Siku hizi nasikia kuna nyavu zenye mlango wa kumtoa kasa, na kwamba aliyezimia anainuliwa nyuma na kuachwa kwa saa nyingi, vilevile alivyofanya fundi cherehani wa Kaloleni bila kuiona bahari maishani mwake.

Nyumba ile imevunjwa, kuna ghorofa la maduka ya simu. Bomba halipo, jiwe la kufulia halipo. Na baba yangu tulimzika mwaka juzi kule Maji ya Chai, kwenye migomba.

Siku ya mazishi alikuja mwanamke mmoja kunipa pole. Nilimtambua kwa shida. Alikuwa mtoto wa chumba cha mlangoni, familia yake ilihama Novemba, kabla ya ile Krismasi ya kobe. Alinikumbatia, akakaa, akapokea chai, akasema, "Marehemu mzee alikuwa mtu mkimya sana, eti? Kusema kweli simkumbuki vizuri. Ninayemkumbuka ni yule Baba wa Baharini! Unamkumbuka? Wanangu nimewasimulia wote. Kasa mkubwa kama mlango!" Na pale pale, kwenye kiti cha plastiki cha msibani, akatanua mikono na kugeuza shingo taratibu, macho nusu.

Baba yangu ndiyo kwanza ametoka kufukiwa, na mtu anamkumbuka jirani. Hadithi ya kobe ilinifika ulimini, yote, ubao wa pasi na kila kitu. Ningeisema, angemjua baba yangu ni nani. Nilimtazama anavyocheka, hajui lolote, kasa wake wote bado wanalala tu na bahari inawachukua. Wivu niliomwonea yule mwanamke sijawahi kumwonea mtu, si kwa kiwanja, si kwa meno.

Nikamwongeza chai, nikamwambia, "Namkumbuka. Endelea."